Mshauri Wetu: Paka wangu anaziba mkojo, na mume wangu hajui pesa zilikokwenda

Assalamu alaikum Bibi Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Langoni katika mji wa Lamu. Mume wangu ni mvuvi, nami huuza mahamri na mbaazi kila asubuhi barazani kwetu. Tuna paka dume wa miaka sita, ambaye watoto walimwita Nahodha kwa sababu siku ya kwanza aliingia nyumbani akiwa amefungwa ndani ya kikoi cha baba yao, amelowa chepechepe, wametoka naye baharini. Tulimhasi alipotimiza mwaka mmoja, na tangu hapo hakuwahi kuugua.

Mwezi wa Februari, mafundi walipokuwa wakitubadilishia makuti ya paa, niliona Nahodha akiingia katika beseni lake la mchanga, akichuchumaa na kujikamua, kisha akitoka na kurudi tena baada ya dakika chache. Nilidhani amefunga choo. Jirani alinishauri nimpe nusu kidonge cha parasetamoli ili kumtuliza maumivu, lakini niliogopa, nikampa badala yake kijiko cha mafuta ya mbarika. Siku ya pili alijilaza chini ya kitanda, akakataa samaki, akawa anatapika povu, na nilipomgusa tumbo alitoa kilio ambacho sijapata kumsikia paka akikitoa. Nilimtia kikapuni nikakimbia naye kliniki ya wanyama. Daktari aliushika mkono wangu akauweka juu ya tumbo lake, nikahisi kitu kigumu cha mviringo, mfano wa ndimu kubwa. Aliniambia kwamba hicho ni kibofu, na kwamba njia ya mkojo imeziba. Walimtia usingizi, wakampitisha mpira mwembamba, na mkojo uliotoka ulikuwa na rangi ya maji ya ukwaju. Alikaa siku tatu akitiwa maji ya mshipa. Gharama hiyo niliilipa kwa pesa za zamu yangu ya chama.

Mara ya pili ilikuwa juma la Maulidi. Nyumba ilikuwa na wageni kumi na wanne, jamaa za mume wangu kutoka Faza na Kizingitini, na chumba cha beseni la Nahodha walilala akina mama, kwa hiyo beseni nililipandisha juu kwenye dari. Safari hii niliitambua dalili mapema, ila sikuwa na senti. Kusi ilikuwa imechafuka, na mume wangu alikuwa na siku kumi hajateremsha chombo. Nilifungua sanduku nikatoa shilingi 16,000 katika pesa tulizokuwa tunaweka kwa karo ya binti yetu ya Januari. Sikumwambia mume wangu. Aliponiuliza, nilimjibu kwamba daktari alitufanyia kwa huruma.

Daktari ameniambia kwamba ikiwa ataziba mara ya tatu, kuna upasuaji wa kuipanua njia hiyo, lakini unafanywa na mtaalamu Mombasa au Nairobi, na pamoja na nauli haitapungua shilingi 60,000. Vinginevyo ni sindano ya kumlaza moja kwa moja. Wiki mbili zilizopita Nahodha aliangusha matone yenye damu juu ya mswala wa mume wangu. Hakuziba, lakini mume wangu alikasirika sana. Alisema, "Lamu paka ni wengi kuliko watu. Huyu akifa atakuja mwengine, lakini mswala ukinajisika kila siku nitaswalia wapi?" Anataka kumvusha Mokowe, ng'ambo upande wa bara, amwachilie huko. Watoto walilia usiku kucha.

Miaka yote nimekuwa nikimpa vichwa vya ng'onda, na sasa naona ni mimi niliyemuua. Je, nikope nimfanyie upasuaji, nimwache Mwenyezi Mungu amchukue mwenyewe, au nikubali sindano? Na hizo pesa za karo, nitazisemaje?

Mama Nahodha, Lamu

Waalaikumu salamu, mwanangu,

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikamsomea daktari wa mifugo ninayemwamini, baada ya kuondoa kila kitu ambacho kingeweza kukutambulisha. Kwa hiyo katika haya nitakayokuandikia, ya ugonjwa ni yake na ya nyumba ni yangu.

Naona mambo matatu umeyatia katika kikapu kimoja. Kuna maradhi ya paka, kuna pesa zilizotoka sandukuni, na kuna ile hukumu uliyojihukumu ya kwamba ni wewe uliyemdhuru. Tangu siku ile uliyofungua sanduku, mambo hayo yameshikana kiasi kwamba kila Nahodha anapokwenda kwenye mchanga, masikio yako yanasikia mwalimu akidai karo. Niruhusu niyatoe kikapuni moja moja.

Nianze na hukumu, kwa kuwa ndiyo inayokunyima usingizi. Kumdhania paka aliyeziba mkojo kuwa amefunga choo ni kosa la karibu kila mwenye paka dume, kwa sababu mikao hiyo miwili inafanana mno. Njia ya mkojo ya paka dume ni ndefu, na kwenye ncha yake ni nyembamba sana, kiasi kwamba kijidonge cha ute uliochanganyika na chembechembe ngumu zinazong'aa kama chumvi kinatosha kuiziba kabisa. Mkojo ukikosa pa kutokea, figo hushindwa kufanya kazi yake, madini ya potasiamu hupanda katika damu, na moyo huanza kwenda polepole hadi ukasimama. Hayo yote hutimia kwa siku mbili au tatu tu. Mafuta ya mbarika hayakumziba wala hayangeweza kumzibua. Kilichomwokoa ni kikapu chako. Na kuhusu parasetamoli, nashukuru uliogopa, kwa sababu ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu linavyofanya, na nusu kidonge kile ambacho jirani alikishauri kwa nia njema kingeweza kumuua kabla ya mkojo kumuua. Mwambie jirani, kwa upole, kwani kesho atamshauri mtu mwengine.

Sasa ng'onda. Umemshika huyo kuwa ndiye mshitakiwa, nami sitamwachilia huru moja kwa moja, lakini nilipoisoma barua yako kwa mara ya pili niliona jambo ambalo wewe uliliandika bila kulitilia maanani. Mara ya kwanza Nahodha aliziba mafundi walipokuwa wakigonga juu ya kichwa chake. Mara ya pili aliziba nyumba ilipojaa watu kumi na wanne asiowajua, na beseni lake likapandishwa darini. Daktari niliyemsomea alisimama papo hapo akaniuliza, "Na hizi wiki mbili zilizopita, kulikuwa na nini?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa hukuandika. Labda unalijua wewe.

Sababu ya swali lake ni kwamba katika paka wasiofika miaka kumi, wengi wanaougua kibofu hawakutwi na jiwe wala viini vya maradhi. Kibofu huvimba chenyewe, na jambo linaloonekana tena na tena kukichochea ni dhiki ya paka: kelele, wageni, dume wa mtaani anayekaa dirishani, beseni lililohamishwa. Paka ni mnyama wa mazoea kuliko mzee yeyote wa barazani. Ukimwondolea mahali pake, hasemi, bali huzuia mkojo, hunywa kidogo, na kibofu ambacho tayari ni kidhaifu huanza kuvimba na kutoa damu. Yale matone juu ya mswala hayakuwa jeuri wala kisirani. Paka mwenye maumivu hulihusisha beseni na maumivu yenyewe, akatafuta mahali laini penye harufu ya mtu anayemzoea.

Hapo ndipo ng'onda anapoingia, si kama muuaji bali kama mshirika. Paka wa kilo nne anahitaji karibu mililita 200 za maji kwa siku, yaani kikombe cha chai, ukihesabu ndani yake na yale yaliyomo katika chakula. Samaki mbichi, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, ilhali ng'onda karibu yote yamekwenda na jua. Paka kwa asili hapendi kunywa, kwa kuwa mababu zake walikuwa wa jangwani na waliyapata maji yao katika mawindo, kwa hiyo anayeshindia vyakula vikavu hukojoa kidogo, mkojo mzito, na katika mkojo mzito ndimo zile chembechembe zinapojijenga. (Mimi nililelewa Malindi katika nyumba ambayo paka walikula baada ya wanaume na kabla ya sisi watoto, tena papa mkavu, na hatukuona ajabu. Lakini pia hatukuwa tukihesabu waliotoweka.)

Sasa nikuulize kuhusu mumeo, nawe usiniharakishie jibu. Barua yako inamchora kama mtu asiyemtaka paka. Hata hivyo mstari wako wa kwanza kumhusu Nahodha unasema kwamba aliingia nyumbani ndani ya kikoi cha huyohuyo mumeo. Mvuvi aliyechoka hafungui kikoi chake chenye chumvi kumsitiri kinda wa paka ikiwa moyo wake ni jiwe. Huenda maneno ya kwamba paka ni wengi kuliko watu ni ya mtu aliyekaa siku kumi bila kuvua, akaona mswala wake umenajisika, asijue mnyama huyo anaumwa nini wala amegharimu nini. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo. Nasema kwamba umemficha pesa, na kwa kuzificha umemficha pia ugonjwa, kwa hiyo ameamua kwa kile anachokiona, nacho ni mkojo.

Na katika hilo la mkojo ana haki yake. Unajua kisa cha sahaba Abu Qatada, ambaye alimwinamishia paka chombo cha maji ya kutawadhia hadi akanywa, kisha akamweleza mke wa mwanawe kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Hayo ni ya mate yake. Mkojo wake ni najisi, na mtu anayeilinda swala yake hatakiwi kuonekana mkatili kwa kulalamika. Mswala unaweza kukunjwa na kutundikwa baada ya kila swala. Ni jambo dogo, lakini ukilifanya wewe kabla ya kuombwa, pengine litasikika kuliko machozi ya watoto. Kuhusu kumvusha Mokowe, nitasema tu kwamba paka wa ugonjwa huu akiachwa mahali asipopajua, penye madume wengine na bila mtu wa kumtazamia mchanga wake, dhiki ileile inayomziba itakuwa imefanywa kuwa maisha yake. Mumeo akilijua hilo huenda akasema vingine, na huenda asiseme.

Umeniandikia njia tatu: upasuaji, kumwachia Mungu, na sindano. Kuna ya nne ambayo hukuitaja, na kwa kuwa kwa sasa hajaziba, ndiyo iliyo wazi mbele yako hivi leo. Nayo ni kufanya kila liwezekanalo asizibe tena. Mpe samaki mbichi aliyechemshwa, pamoja na supu yake iliyopoa, bila chumvi, na bila kitunguu wala kitunguu saumu, kwa maana hivyo viwili huharibu damu ya paka. Kwa hiyo mchuzi wa nazi wa chungu cha nyumbani haumfai. Samaki peke yake nao si chakula kamili, kwa hivyo mwulize daktari wako achanganye na nini. Weka maji mahali pawili au patatu, katika bakuli pana zisizogusa sharubu zake, mbali na chakula na mbali na mchanga. Kama maji yenu yana chumvichumvi na anayakataa, jaribu ya mvua au ya mtungi. Paka wengi wa nyumba za zamani hupenda kunywa birikani, ukimwona huko usimfukuze. Rudisha beseni mahali pake pa zamani, uongeze la pili pembe nyingine ya nyumba. Na Maulidi yajayo, au harusi, au mafundi, mtengee chumba kimoja kabla wageni hawajafika, si baada.

Mwombe pia daktari akuambie ni chembechembe za aina gani alizoziona katika hadubini. Zipo za struvaiti, ambazo chakula maalumu cha tiba kinaweza kuziyeyusha kwa wiki kadhaa, na zipo za kalisi ambazo haziyeyuki kwa chakula. Chakula hicho ni ghali na yamkini kitabidi kiagizwe, kwa hiyo ni vyema ujue kama kinafaa kabla ya kutoa pesa. Njia hii ya nne ina hatari yake, nami sitaki uione kuwa kinga kamili. Paka aliyeziba mara mbili anaweza kuziba tena hata akitunzwa vizuri namna gani, na miezi ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi.

Upasuaji ni wa kweli na paka wengi huishi vizuri baada yake. Mtaalamu hukata ile ncha nyembamba na kuacha tundu pana, na kuziba huwa kwa nadra. Lakini fahamu unachokinunua. Kibofu kinachovimba kwa dhiki hakiponywi kwa kisu. Atakojoa, lakini anaweza kuendelea kutoa damu na maumivu, tundu linaweza kujikaza kovu likipona vibaya, na viini vya maradhi hupata mlango mpana wa kuingilia. Ongeza basi la kutwa nzima na paka mgonjwa kikapuni. Shilingi 60,000 za mkopo ni mahamri mangapi, wewe ndiye ujuaye, na ni wewe utakayekuwa unaukanda unga huo baada ya kila mtu kusahau.

Kuhusu kumwacha Mwenyezi Mungu amchukue, naelewa kwa nini maneno hayo yanafariji, ila ningependa uyatazame kwa karibu. Paka aliyeziba asipotibiwa hafi kwa kulala. Wewe umekisikia kile kilio. Itakuwa ni siku mbili za kilio hicho, chini ya kitanda, watoto wakisikia. Sindano humlaza kwanza kisha humtoa roho bila maumivu. Wapo wacha Mungu wanaoona kwamba kumwondolea mnyama mateso yasiyo na tiba ni rehema, na wapo wanaojizuia kabisa. Mimi si mwanachuoni, nawe una masheikh karibu kuliko mimi. Mwendee unayemwamini, umweleze hali yenyewe ilivyo: kwamba ugonjwa una tiba, kwamba tiba ina bei, na kwamba kungoja kuna uchungu. Jibu lake litakuwa na maana zaidi ukimwuliza mchana, paka akiwa mzima, kuliko ukimbishia mlango usiku na kikapu mkononi.

Hilo la mchana ndilo ninalolitaka hata kwa mumeo. Mara zote mbili umeamua peke yako, kwa hofu, na ndivyo sanduku lilivyofunguka. Kama mtakaa sasa mkakubaliana kwamba akiziba tena mtafanya nini na mtatumia mpaka kiasi gani, hata kama makubaliano hayo yatakuwa ya kusikitisha, hutabeba tena uamuzi huo kwa siri. Huwezi hata hivyo kuzungumza naye juu ya kiasi cha mbele bila ya kutaja kiasi cha nyuma. Ukimwambia kuhusu zile 16,000, huenda akakasirika, na hasira hiyo itakuwa na msingi, kwa kuwa pesa zilikuwa za wote wawili na ulimpa jibu lisilo la kweli. Usipomwambia, Januari itamwambia, mbele ya binti yenu. Ipo pia njia ya kuzirudisha kimyakimya kutoka chama kabla hajafungua sanduku. Wengi huichagua na baadhi hufaulu, lakini sijui kama itakuondolea ule uzito uliokufanya uniandikie. Ukiamua kusema, labda usubiri siku ambayo chombo kimerudi na samaki, amekula, na mswala wake uko juu ya msumari, safi. Uanzie kwenye kikoi.

Na ukiweza, niandikie tena unieleze kilitokea nini nyumbani wiki mbili zilizopita. Daktari wangu bado ananiuliza. Kwa sasa, kila asubuhi kabla hujaweka karai la mahamri motoni, na kila usiku kabla ya kulala, ingiza kijiti katika mchanga wa beseni. Ukikuta madonge mawili au matatu yaliyoshikamana kwa mkojo, nenda kalale. Ukiukuta mkavu, naye anaingia na kutoka, usimbonyeze tumbo na usimpe dawa yoyote ya nyumbani. Kamata kikapu.